Ulimi wa Colman Tarpey

Katika parokia ya Cloonagh, Colman Tarpey alikuwa wa mwisho kwa kila jambo. Nyasi za ng'ombe wake zilikuwa za mwisho kukatwa na za kwanza kuoza. Udongo wa bwawani tunaochoma badala ya kuni, wenzake walikuwa wameshaurundika nyumbani, wake bado umelala kwenye matope mpaka Septemba. Alikuwa na ekari saba za majani makavu, ndama wawili wenye mbavu za kuhesabika, na nyumba ya bati iliyovuja juu ya kitanda chake mwenyewe. Ungedhani mtu atasogeza kitanda. Wapi! Aliweka ndoo miguuni akalala amejikunja.

Nilikuwa nesi wa parokia ile miaka ishirini na sita, na nasema bila kupepesa macho kwamba sijaona mwanamume aliyejaliwa kidogo kama yule. Hakujua kuimba. Mpira alicheza mara moja, akafunga goli upande wake. Mke hakupata, na nani angemtaka? Mwanamume ambaye ulimi wake ulishapita kwenye miguu ya nusu ya parokia, utambusu saa ngapi?

Maana hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho, ulimi. Ilisemekana kwamba akiwa na miaka kumi na moja alimkamata mjusi wa majini kwenye mfereji nyuma ya shule, akamgeuza chali, akamlamba tumboni mara tisa. Kwetu anayefanya hivyo hupewa dawa ya kuungua. Si dawa ya chupa, dawa ni ulimi wenyewe. Ukiungua unakwenda kwake anakulamba Jumatatu, Alhamisi, na Jumatatu tena, basi umepona. Hulipi kitu. Wala hushukuru, na hilo ndilo kubwa. Ukimwambia asante hata kwa bahati mbaya, dawa inamtoka palepale na hairudi tena.

Khaa! Mimi nilisoma miaka minne Dublin namna ya kuosha kidonda, nikaja Cloonagh kushindana na mate.

Na si mate tu, mate ya mvuta kiko. Watu waliniletea vidonda vilivyokwisha kuvimba na kutoa harufu, nikiwauliza wamepaka nini wanatazama dari. Nikajua. Siku moja nilimkuta barabarani anasukuma baiskeli yenye pancha, nikasimamisha gari.

"Colman, wewe unapiga mswaki?"

"Siku ya Jumapili, Nesi. Kabla ya misa."

"Basi wagonjwa wako waambie waungue Jumapili."

Akacheka huyo, meno nje, kana kwamba nimemsifu! Hata kutukanwa hakujua. Nilimsonya nikaondoa gari, na kwenye kioo nikamwona amevua kofia ananiaga.

Lakini nisiseme uongo, watu walimheshimu. Wahenga wanasema mkono mtupu haulambwi, na yeye alilamba mikono mitupu miaka thelathini bila kudai hata yai. Akiingia baa, mtu atasema, "Mpisheni Colman," na kiti cha karibu na moto kinapatikana. Kwenye harusi alikaa meza moja na padri. Cassie Hopkins, mwenye duka, aliyewahi kuunguza mguu kwa chuma cha pasi, alikuwa akimwita "bwana mkubwa" na kumfungulia mlango kwa mikono yake. Mtu asiyeweza kufunga lango la ng'ombe wake vizuri! Ondoa ule ulimi, hapabaki kitu pale ila koti na kofia. Mimi nilimwonea kinyaa, na kila nilipokaa kunywa chai nilisema hivyo.

Ilipofika mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na tatu, siku ya Mtakatifu Brigid, tarehe mosi Februari, nilikwenda nyumbani kwa akina Durkan kumpima mtoto mchanga. Nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili, Philomena, mama wa mtoto, na mama mkwe wake, Bibi Winnie. Mwanamume alikuwa Uingereza akichimba barabara. Nilidhani nitapima mtoto, ninywe chai, niende zangu.

Nilipofungua mlango nikasikia kilio, na si cha mchanga. Alikuwa Dympna, binti yao mkubwa, wa miaka miwili. Alikuwa amevuta sufuria ya viazi vya nguruwe kutoka motoni, maji yakamwagikia mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidole. Bibi yake alikuwa amempakata. Mkono ule ulipakwa siagi yote iliyokuwamo nyumbani, kisha ukafungwa kitambaa cha Brigid, kile kinacholazwa nje juu ya kichaka usiku wa kuamkia sikukuu ili mtakatifu akipita akibariki.

"Yesu na Maria! Tangu saa ngapi?"

"Tangu tulipotoka misa," akasema Philomena. Alisimama ukutani na kichanga chake begani, mweupe kama chokaa.

Nikafungua kitambaa. Ngozi ilikuja nacho. Vidole vilikuwa vibichi, vyekundu, vimeanza kuvimba na kukutana.

"Philomena, chukua blanketi. Tunakwenda hospitali sasa hivi. Gari liko mlangoni."

"Hatoki mtu hapa," akasema Bibi Winnie.

"Unasemaje?"

"Colman kaitwa. Yuko njiani. Na wewe Nesi usinishikie huyo mtoto, daktari akigusa kwanza dawa inakataa, unajua wewe."

"Bibi Winnie, sikiliza. Vidole hivi vikiachwa hivi vitagandana. Atakuwa na kwato badala ya mkono. Unanisikia? Kwato!"

"Mama yangu aliungua shingo nzima, Colman akamlamba, akazikwa na shingo safi kama ya bibi harusi."

"Alizikwa, ndiyo!"

"Ulimi wako mchafu kuliko wa Colman," akaniambia, na akamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akapiga yowe jipya.

Nikamgeukia Philomena. "Mtoto ni wako. Sema."

Philomena alimtazama mama mkwe wake kwanza. Miaka mitatu kwenye nyumba ile, hata chumvi ya supu alikuwa hajapewa ruhusa ya kutia. Na majirani walishaanza kujaa mlangoni, maana kwetu habari ya kuungua inakwenda mbio kuliko posta. Ningemnyang'anya bibi mtoto, wangenizuia. Nilisimama na cheti changu na mkoba wangu wa ngozi, sina nguvu ya kumshinda ajuza wa miaka sabini.

Ndipo Colman akaingia. Wakampisha, kofia zikavuliwa. Nikaona kwa macho yangu mzee mzima anamfutia kiti kwa mkono wa koti lake.

"Ukimgusa mtoto huyu kwa ulimi wako," nikamwambia, "nitakuitia polisi. Naapa mbele ya watu hawa."

Alipiga magoti mbele ya mtoto, akautazama ule mkono. Aliutazama kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole kimoja, hakugusa, akakipitisha juu tu ya vile vidole vilivyovimba.

"Nesi," akasema bila kugeuka, "umesema vitagandana?"

"Vitagandana. Kila dakika unayopoteza hapo."

"Na hospitali wanaweza?"

"Wakiwahi, wanaweza."

"Bibi Winnie, mpelekeni kwanza. Akirudi nitamlamba."

"Usinifanye mtoto," akasema bibi. "Akirudi dawa itakuwa imekataa, na wewe ndiye uliyetufundisha hivyo. Dawa unayo, lamba. Kama huna, sema huna, hadharani, watu wasikie."

Colman bado amepiga magoti. Nilimwona shingo inageuka nyekundu, kisha masikio.

"Sina," akasema.

"Huna nini?"

"Sina dawa. Sijapata kuwa nayo. Yule mjusi nilimshika nikamgeuza, halafu nikaona kinyaa. Nikamtupa. Nilikwenda nikawaambia wenzangu nimemlamba, wakaamini, basi nami nikanyamaza."

Mtu mmoja mlangoni akacheka, cheko la woga.

"Miaka thelathini?" akauliza Bibi Winnie.

"Thelathini na moja."

Bibi alimtemea. Mate yakamwangukia kwenye kola, naye hakuyafuta. "Mama yangu alikufa akikuombea! Mbwa wewe! Umemlamba mama yangu shingoni kama mbwa, bure!" Alipoinua mikono amchape, Philomena akapita katikati, akamnyakua Dympna mapajani mwa bibi, akanitwika mimi kichanga.

"Twende, Nesi," akasema. Na mama mkwe alipomwita kwa jina, hakugeuka.

Nilipokuwa ninaendesha, mtoto analia, Philomena analia, theluji nyepesi inagonga kioo, mnajua mimi nilikuwa na nini moyoni? Furaha. Nakiri. Nilitaka kuimba. Miaka kumi na mitano nilisema ni upuuzi, na leo mwenyewe kakiri mbele ya watu! Mtoto alibaki hospitali mpaka Pasaka, na katika wiki zile zote hakuna nyumba niliyoingia nisiisimulie habari ile, nikitia na chumvi. "Aliona kinyaa, jamani! Mjusi! Lakini vidonda vyenu hakuvionea kinyaa!" Watu walicheka mpaka machozi. Kwa mara ya kwanza Cloonagh walinipenda.

Na mimi basi ningalipaswa kuwaonea kinyaa wao. Maana tazama walivyogeuka! Vidonda vilivyopona miaka ishirini vikaanza kuwasha wiki ileile. Cassie Hopkins alivua soksi dukani mbele ya wateja, akaonyesha mguu usio na hata kovu, akasema haujapona mpaka leo, kiatu kinambana kwa sababu ya yule tapeli. Baa ile, Colman akiingia, wanaume walimtolea ndimi. "Colman, chapati yangu imeungua, njoo!" "Colman, njia ya mwongo fupi, lakini yako bwana ilikwenda miaka thelathini!" Mtu mmoja alining'iniza chura aliyekufa kwenye lango lake. Mwingine, mkubwa kwa umri na mjumbe wa kanisa, alimnyima fahali wa kupandishia ng'ombe wake. Hakuna aliyewahi kumlipa hata senti, lakini ungewasikia ungedhani kawaibia mashamba. Mla nawe hafi nawe, na Colman wala kula nao hakuwahi, aliwalamba tu.

Aliacha kwenda baa. Misa akasikiliza ile ya alfajiri, amesimama nyuma ya mlango, anaondoka kabla ya baraka. Nilipopishana naye barabarani alivua kofia kama zamani. Mimi niliinua kidole kimoja kwenye usukani.

Miaka saba ikapita hivyo.

Mwaka niliotimiza sitini nilikuwa jikoni kwa Philomena, jiko lake sasa, Bibi Winnie ameshazikwa. Dympna, mwenye miaka tisa, alikuwa ananimenyea viazi. Mkono wa kulia uling'aa ngozi yake, umevutikavutika kidogo kwenye kiwiko, lakini vidole vilikuwa vitano, vyembamba, kila kimoja na kazi yake, na kisu kinakwenda. Akamenya kiazi kizima ganda likatoka bila kukatika. Akanining'inizia mbele ya pua.

"Nesi, unaweza hivi?"

Nilikuwa nafikiria yule mjinga amepiga magoti, anauliza, "Na hospitali wanaweza?" Nikawaza, mwongo ni mwongo, lakini siku moja katika maisha yake alisema kweli, na ile siku moja iliangukia hapa. Na katika watu wote wa parokia hii hakuna aliyemwambia neno jema. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kumcheka.

Jumatatu iliyofuata nilioka mkate wa zabibu. Nilipoutoa, kwa haraka yangu, kifundo cha mkono kikagusa mlango wa oveni, kikababuka alama ndefu kama kidole. Nikatukana, nikaweka maji baridi, nikafunika kwa mkono wa sweta, nikaenda.

Colman alikuwa ameketi mbele ya moto wake, kiko kimezimika. Nyumba ilikuwa ileile, na ndoo ilikuwa palepale miguuni pa kitanda. Aliruka kunipa kiti, akakifuta kwa kofia yake.

"Nesi! Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Keti. Nimekuletea mkate, na nina neno." Sikuzoea maneno ya namna hiyo, nikayatoa kwa ukali kama ninayemsomea shtaka. "Nimemwona Dympna Durkan. Mkono wake mzima. Kama ungeng'ang'ania heshima yako siku ile, angekuwa kilema. Kwa hiyo nimekuja kukwambia, Colman, as—"

"Nyamaza!"

Alisimama mpaka kiti kikaanguka. Alikuwa ameinua mikono yote miwili mbele ya uso, kama mtu anayetupiwa jiwe.

"Ala! Una wazimu? Nakushu—"

"Usilitamke, mama! Nakuomba, kwa ajili ya Mungu, usilitamke! Unajua sheria."

"Sheria gani? Dawa yenyewe huna! Ulikiri mbele ya—"

Colman aliinama kuokota kiti. Shingo ikageuka nyekundu, kisha masikio, vilevile kama siku ile, na siku ile mimi nilidhani ni haya ya mwongo aliyeumbuka.

"Colman," nikasema. "Yule mjusi, ulimlamba."

Aliutazama moto.

"Mara tisa. Ana ladha ya matope na chuma. Ndugu yangu ndiye aliyenihesabia, Mungu amrehemu."

"Basi kwa nini, wewe mwanamume, kwa nini—"

"Wewe ndiye uliyesema vidole vitagandana. Na Bibi Winnie asingemwachia maadamu dawa ipo. Ungefanyaje wewe?" Akaketi. "Kuungua kule kulikuwa kukubwa, Nesi. Niliona mara moja. Ulimi wangu huu ni wa vidonda vidogo, vya chuma cha pasi."

"Wamekutolea ndimi miaka saba. Chura langoni. Ungesema neno moja tu mtoto alipopona!"

"Bibi Winnie alikuwa hai. Angejua dawa ilikuwepo, angemfanyia nini Philomena?" Akatikisa kichwa. "Na hata hivyo dawa haikunitoka. Ilijua nilikuwa nasema uongo. Lakini asante ingeisikia."

Hajalamba mtu miaka saba, yule mpumbavu. Hakuna ambaye angemjia tena mpaka afe, na alijua. Lakini alikaa ameitunza kama mtu anavyowekea mgeni kikombe kizuri, nyumba inavuja, ndoo miguuni. Nilimkasirikia nikashindwa kukaa. Kisha nikajikasirikia mimi, na parokia nzima, na chai zote nilizokunywa huku nasimulia.

Nikakunja mkono wa sweta.

Aliiona ile alama, akanitazama usoni kuhakikisha simfanyii mzaha. Kisha akafuta mdomo kwa leso, kwa uangalifu mkubwa, akanishika kifundo kwa vidole viwili, akainama. Ulimi wake ulikuwa na joto, mkavu kidogo, na ulinuka tumbaku mbaya. Alilamba mara tatu. Sikuondoa mkono.

Msinielewe vibaya. Upuuzi ni upuuzi, na nilipofika nyumbani nilipasugua kwa sabuni. Lakini pale mlangoni kwake neno lile lilinifika kwenye meno, nikalimeza.

"Alhamisi," nikasema.

"Alhamisi, Nesi. Halafu Jumatatu."

Alhamisi, saa nne asubuhi, niliegesha gari barabarani, mbele kabisa ya lango lake, siku ambayo parokia nzima hupita kwenda mnadani. Nililiacha pale saa nzima. Nilipoingia dukani baadaye kununua chumvi, Cassie Hopkins alikuwa ameshaegemea kaunta ananingoja.

"Nesi, gari lako limeonekana kwa Tarpey. Yule tapeli anaumwa?"

"Haumwi," nikasema, nikaweka mkono wangu juu ya kaunta, kidonda juu, mahali auone. "Mimi ndiye niliyeungua."